Maji ya Kumwogesha Beda

Mikumi, Kilosa
14 Julai 2024

Mpendwa Mama mkubwa Odilia,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni, jua la asubuhi linanipasha mgongo na uji unachemka jikoni. Hujambo wewe? Mguu unaendeleaje, ule unaokusumbua wakati wa baridi? Na Baba mkubwa Timotheo, bado anabishana na redio? Huku sisi sote ni wazima, na ninaposema sote nimemtia na Beda humo, tena yeye wa kwanza. Muda huu anamkimbiza kuku wa jirani.

Hilo nimeliweka juu kabisa kwa makusudi. Najua mdogo wangu Stefano alikupigia akakwambia mtoto kashikwa na surua, halafu salio likamwishia ukabaki na habari nusu. Nilipokupigia mimi ulilia hata hukunisikia, kisha ukazima simu. Baba mkubwa ameshakueleza kwamba mtoto amepona, lakini kisa chenyewe hukijui, na ndani yake kuna jambo ambalo ni lako. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua huwezi kuizima, Mama mkubwa.

Mama alishuka kutoka Tindiga baada ya mavuno. Mpunga umekubali mwaka huu, kwa hiyo alikuja na mchele, kopo la togwa na majogoo wawili, mmoja akamtoroka palepale stendi. Mpaka leo akipita stendi anawatazama majogoo wa watu kwa jicho la kuwashuku.

Siku chache baadaye Beda akapandwa na homa. Ilikuwa kali, kila anayemgusa anarudisha mkono. Hakuwa na kikohozi wala mafua, macho yalikuwa meupe, ila alikataa chakula chote, hata ndizi, na unajua ninavyokusimulia anavyozipenda. Zahanati walimpima malaria hakuonekana nayo, wakatupa dawa ya homa na kutuambia tumrudishe tukiona mabadiliko.

Asubuhi moja akaamka amepoa kabisa. Nilishukuru, nikaenda zangu kufungua genge. Niliporudi nikakuta dirisha limefunikwa kanga na Mama amekaa chini. Alikuwa amemvua mtoto nguo akakuta vipele vyekundu tumboni na mgongoni, vinapanda shingoni. Basi alikuwa amekoroga unga wa mtama kwa lile togwa, akampaka mwili mzima ili surua itoke yote nje, kama bibi alivyokuwa akifanya. Mwanangu alikuwa kama ukuta uliotoka kukandikwa udongo.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba Mama hakumwita tena kwa jina. Alisema "mtoto", "mtoto huyu", kama wewe unavyouliza kwenye simu. Tangu tumpe jina la marehemu mwanao hujalitamka hata mara moja, na mimi sikuwahi kukulaumu. Lakini jina lilipokimbiwa ndani ya nyumba yangu, nilimpigia mume wangu aje upesi.

Melkizedek alipofika kutoka kazini alituitia bajaji palepale. Mama alimfunika mtoto gubigubi asipigwe na upepo. Njiani nikasikia sauti ya kulamba. Nikafunua kanga: Beda, mume wangu wa pili, amejilamba mkono wote, togwa na unga, sasa ameanza vidole. Mtoto aliyekataa ndizi! Nilicheka na machozi yananitoka, Mama akanitazama kama nimerukwa na akili.

Zahanati tulipokelewa na nesi mmoja anaitwa Yusrah, binti mpole lakini hachelewi. Alipoona ule ukandikaji akasema hawezi kusoma ngozi asiyoiona, akaleta beseni la maji ya vuguvugu. Mama akamshika mkono kwa nguvu zake zote.

"Usimmwagie maji, mwanangu. Itarudi ndani."

Nesi hakumcheka. Aliliweka beseni chini na kumwambia taratibu, "Bibi, surua hairudi ndani kwa maji. Hata mwenye surua anaogeshwa kama mtoto mwingine."

Mama akaachia. Beda akaogeshwa, akapiga kelele za mtu mwenye nguvu zake. Nesi akamtazama macho, mdomoni na nyuma ya masikio, akabonyeza vipele vikapauka na kurudi. Kisha akauliza swali moja: homa iliondoka kabla ya vipele au vilitoka homa ikiwa bado inawaka? Mama akasema homa iliondoka alfajiri, vipele alivikuta baadaye. Nesi akatabasamu. Akaeleza kwamba vipele vya surua hutoka homa ikiwa juu, huanzia usoni na nyuma ya masikio, na mtoto huwa na kikohozi, mafua na macho mekundu. Hivi vya kwetu vilianzia tumboni, homa ikishakwenda zake. Ni homa ya virusi inayowapata watoto wadogo; vipele vikionekana, ugonjwa unakuwa unaaga. Daktari naye akaja kumtazama, akasema vilevile. Chanjo yake ya surua iko kwenye kadi, lakini walimkagua kwanza ndipo wakaitazama kadi, na hilo lilinipendeza.

Nilidhani tumemaliza. Mama hakuinuka. Akamsimulia nesi habari za Beda wa kwanza: macho mekundu, kikohozi, vipele vilivyoanzia usoni, na mama yake aliyemwogesha kwa sababu mtoto alikuwa anaungua. Akauliza kama ni yale maji.

"Maji hayakumuua, Bibi. Surua ndiyo iliyomuua. Mama yake alimpoza tu mwanawe."

Mama mkubwa, nimekua nikiyasikia maneno ya Tindiga, kwamba ulimmwagia mtoto maji surua ikarudi ndani. Nilikuwa mdogo, nikadhani ni maneno tu ya kisimani. Sikujua kwamba uliyabeba ukahama nayo mpaka Mpanda, na umeishi nayo miaka yote hii. Yatue. Hukumkosea mwanao kitu. Mama ana yake ya kukwambia kuhusu maneno hayo, amesema atayasema mwenyewe, ana kwa ana.

Pale pale kwenye benchi alimchukua mjukuu wake mapajani, akamwita, "Beda." Na mwenyewe akageuka, mdomo umejaa ndizi ya mgonjwa mwenzake aliyomwomba bila aibu.

Vipele vilifutika upesi hata sijui vilikwenda lini. Sasa anakula kama analipwa.

Msalimie sana Baba mkubwa, na Scholastica na watoto wake. Melkizedek anakusalimu, anasema utakapokuja kututembelea, treni ikifika Kilosa atakuwa amesimama kituoni, wewe ushuke tu. Mungu akupe usingizi mwema, akufikishe kwetu mguu ukiwa umetulia.

Mama anamwogesha Beda kila jioni, na hakubali nimsaidie. Lakini amesema siku utakayofika beseni hataligusa. Zamu hiyo ni yako.

Mimi mwanao nikupendaye sana,
Domina