Upande wa Pili wa Kona

Jumatano, 4 Machi
Vumbi leo! Nimekohoa mpaka mbavu zinauma. Miezi mitano sasa nashika kibao kwenye barabara inayotengenezwa, SIMAMA huku, NENDA kule, na mtu ninayeongea naye kuliko wote duniani sijawahi kumwona uso. Yeye anashika mwisho wa kule, mbali nisikoona, karibu na kona. Gari lake la kazini linamleta kwa kule, langu linanileta kwa huku. Tuna redio tu. "Mama Simama, gari la mwisho ninaloliachia ni pikapu nyeupe, dereva kanuna kama kanyimwa chai." Pikapu ikafika — kweli, mtu kanuna! Nikacheka peke yangu, madereva wakadhani nimerukwa na akili. Mimi namwita Upande wa Pili. Jina lake silijui.

Nimerudi chumbani. Hakuna hata wa kumsimulia hilo la pikapu.

Alhamisi, 5 Machi
Upande wa Pili kaamka na malalamiko. Nyapara kahamisha kibao cha onyo. Zamani kilikuwa mbali, kabla ya kona, dereva akikiona anapunguza mwendo mapema. Sasa kiko baada ya kona, karibu kabisa na anaposimama yeye. Nyapara anasema magari yanapunguza mwendo mapema mno, foleni inafika njia panda, bosi anamkalia shingoni. "Mama Simama, mtu akija na kasi mimi nikimbilie wapi, mtaroni?" Nikamwambia, wewe na mdomo huo, mpigie kelele atasimama. Tukacheka.

Ijumaa, 6 Machi
Lori. Limekata kona na kasi, limekikuta kibao puani. Breki nimezisikia mpaka huku. Halafu kimya.

Nimemwita redioni. Nimemwita. Nimemwita!

Wenzangu wote wamekimbilia kule. Mimi nimeambiwa nisiondoke, nizuie magari. Nimesimama hapo kama gogo. Dereva wa lori, wamenisimulia, kashuka kwa miguu yake mwenyewe — alifunga mkanda, ana mkwaruzo kwenye paji la uso. Sisi mkanda wetu ni koti la manjano. Gari la wagonjwa likapita mbele yangu, milango imefungwa. Ndiyo mara ya kwanza Upande wa Pili kupita upande wangu.

Jumapili, 8 Machi
Nimekwenda hospitali. Nesi kaniuliza, unamtafuta nani? Nikababaika. Yule wa barabarani, aliyegongwa na lori. Ah, huyo, akasema, hajaja ndugu hata mmoja. Kumbe na yeye!

Mwembamba. Mzee kuliko sauti yake. Miguu yote imefungwa, mmoja umetiwa vyuma. Kaniangalia kama mtu aliyekosea kitanda. Nikasema, pole. Akafumba macho. "Sema tena." Pole, Upande wa Pili. Akalia. Mimi nikalia zaidi yake, nesi akaniletea kiti.

Mguu wenye vyuma unataka kupasuliwa tena, la sivyo utakatwa. Nyapara keshafika hapo jana: ati kibao kilikuwa mahali pake, kabla ya kona, na yeye kasimama katikati ya barabara kwa uzembe wake. Ikiwa ni uzembe, kampuni haimtibu. Imetoka hiyo.

Jumatatu, 9 Machi
Kibao kimerudi kabla ya kona. Kimefutwa hata vumbi! Mkaguzi anakuja kesho. Nyapara kaniita pembeni: wewe ulikuwa huku, hukuona kitu, au siyo? Nikasema sikuona. Na kweli sikuona, nilisikia. Mwenye nguvu mpishe. Nikifukuzwa nitashinda na kulala humu chumbani, na nani? Sina hata sauti ya redioni tena.

Jumanne, 10 Machi
Wamenileta upande wake. Nimesimama aliposimama. Hapa, baada ya kona, kuna viroba viwili vya mchanga. Ni sisi washika vibao tunaovibeba, tunaviweka juu ya miguu ya kibao cha onyo, upepo usikiangushe. Nyapara hajabeba kiroba tangu azaliwe. Karudisha kibao kule, viroba kaviacha hapa! Kimoja kimepasuliwa na tairi la lori, alama yake bado ipo.

Nyapara kaniona kwa mbali nikivitazama. Redioni: "Hivyo viroba tupa mtaroni upesi, mkaguzi yuko njia panda."

Nikajibu, sawa. Nikavikalia.

Naandika nikiwa juu ya viroba. Mwandiko wa kuku. Magari nimeyazuia, yanapiga honi na matusi juu. Redio inaita, Mama Simama, Mama Simama, na huyo si mwenye haki ya kuniita hivyo. Sasa namwona anakuja mbio, kofia kaishika mkononi. Na kule nyuma ya kona nasikia gari moja linapunguza mwendo, la mkaguzi bila shaka. Acha nitie daftari mfukoni, nitahitaji mikono yote miwili kuving'ang'ania viroba.