Chewa Nyuma ya Kioo

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imefika. Hapa Temeke hatujambo, babu yako anakusalimu.

Umeniuliza, kabla hujamjibu huyo kijana anayetaka kukuoa, mie nilijuaje kwamba babu yako ndiye. Tulikuwa wachumba aliponipeleka mjini kutazama samaki hai kwenye jumba la maonyesho. Mle ndani kulikuwa na mwanga wa buluu tu, nikajiona kama naelea. Chewa mmoja mkubwa, mzee kabisa, akaja taratibu mpaka kwenye kioo, akanitazama. Nikajikuta nimesema, "Shikamoo."

Watu wakaangua kicheko. Babu yako hakucheka. Akaitikia kwa niaba ya samaki, kwa sauti nzito, "Marahaba, mwanangu."

Hadi leo nikimsemesha paka jikoni, anayeniitikia yuko sebuleni.

Bibi yako