Tone Haliui

Kuhmo, tarehe 9 Aprili

Kaka yangu Taisto,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Gunilla, pamoja na paka wenu mzee. Nategemea goti lako limeanza kukubali ngazi za huko Gothenburg, na kile kikohozi alichokuwa nacho wifi wakati wa mazishi kimemwachia. Niandikie ukweli kuhusu hicho kikohozi. Siku hizi hata mtu akikohoa redioni nasimama. Mimi ni mzima wa mwili, nakula ninachoweza, na bado nakaa hapa nyumbani kwa Mama kama tulivyokubaliana, mpaka nyumba ipate mnunuzi.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati, unajijua. Na mimi ningeshukuru kukatizwa.

Theluji imeanza kuyeyuka. Lile bati la ukingo wa paa ulilosema utalirekebisha tangu mwaka juzi bado linavuja, na maji yanaangukia ile ndoo iliyo chini ya dirisha la jikoni, tone moja moja, tangu jua linapopanda mpaka linapozama. Nimeihamisha ndoo, tone likahamia kwenye ngazi. Nimetia tambara ndani ya ndoo, nikawa nasikia pale ambapo sauti ingekuwepo. Usinicheke. Kila tone linatamka nusu ya msemo, halafu linanyamaza na kunisubiri nimalizie.

Msemo wenyewe unaujua. Tuliusikia pamoja, mimi nina miaka sita na wewe kumi, sikukuu ya katikati ya kiangazi, siku Mjomba Arvi alipotoka kwenye mvuke wa sauna na chupa kaificha ndani ya fungu la matawi ya kujipigia mgongo. Baba, mtu wa chama cha kuacha pombe, ambaye hata harufu ya chachu ilimkunja uso, akamuuliza kama haoni aibu mbele ya watoto. Mjomba akamjibu taratibu kabisa kwamba shemeji, tone haliui, na kwenye ndoo hajazama mtu bado. Wewe ulicheka mpaka ukaanguka ziwani. Baba hakusema naye tena hadi viazi vilipochimbwa.

Mama ndiye aliyeuokota ule msemo wa walevi, akaufua, akauingiza jikoni. Alichukua nusu ya kwanza tu, ya ndoo hakuitaka. Aliusema akijimiminia kikombe cha sita cha kahawa, akijikatia kipande kingine cha mkate wa iliki, akipaka siagi chini ya jibini kana kwamba jibini peke yake ni adhabu. Mimi alinifundisha majira ya baridi yaliyofuata, Baba akiwa msituni anakata magogo. Kahawa haikuwa ya watoto, hilo lilijulikana. Akamimina kidogo kwenye kisahani chake, akapuliza, akaniwekea donge la sukari kati ya meno, akasema tone haliui, Raili, ila kwa baba yako usiseme. Hiyo ndiyo siri ya kwanza niliyowahi kutunza, na niliitunza vizuri.

Ugonjwa wake uliusikia kwa simu tu, kwa hiyo nikueleze. Baada ya kile kiharusi cha mwezi wa kumi, koo lake lilikuwa limesahau njia. Kinywaji chepesi kingeweza kuteremkia mapafuni badala ya tumboni. Pale nyumba ya wazee walibandika karatasi juu ya kitanda chake: kila anachokunywa kitiwe unga maalumu wa kukifanya kizito kama uji. Kahawa pia. Mama alipoionja mara ya kwanza aliniangalia kama mtu aliyetukanwa. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, lakini haya yalitoka: hii ni gundi ya karatasi za ukutani, mpelekeeni fundi. Jonna, yule msichana mhudumu, alicheka mpaka akakaa kitandani.

Kila Alhamisi saa nane, saa ya kahawa, nilikuwa kando yake, na kila Alhamisi aliniomba kahawa ya kweli, kwa kisahani. Nilikataa. Nilimwonyesha karatasi ya ukutani kama vile hajui kusoma. Miezi mitatu, Taisto. Mwishowe akaacha kuomba, akawa nikiingia anageukia ukuta. Hilo liliniuma kuliko maombi yake yote.

Kisha mapafu yakamshika mwishoni mwa Januari, na baada ya siku tisa akatutoka. Kwenye kahawa ya mazishi ulisimama ukasema mbele ya watu wote kwamba daktari ametamka wazi, kinywaji ndicho kilichoingia mapafuni, na kwamba yule msichana alikuwa mvivu wa kukoroga unga na hutatulia mpaka afukuzwe. Halafu ukanigeukia, ukaniuliza kama si Jonna aliyeleta kahawa Alhamisi ile ya mwisho kabla mapafu hayajamshika. Nikajibu kwamba ndiye aliyeleta. Huo haukuwa uongo. Jonna mwenyewe alikuwa amekaa karibu na mlango, hata koti hajavua, akaniangalia na kusubiri niendelee. Sikuendelea. Kikombe changu kilipoa mbele yangu bila kuguswa, na hukuuliza kwa nini.

Tangu malalamiko yako yafike, wamemsimamisha kazi huku wakichunguza. Amewaambia kwamba unga aliniachia mimi. Waliponipigia simu nilisema sikumbuki. Wiki iliyopita nilikutana naye dukani, penye maziwa. Akanijulia hali, akanionya nisipite chini ya barafu inayoning'inia kwenye paa la Mama maana sasa itaanza kuanguka, kisha akachukua maziwa yake akaenda. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nimesahau nilichofuata.

Sasa nisikilize, kaka yangu. Siku ile Jonna alileta kahawa na kopo la unga pamoja. Kengele ikalia chumba cha pili, akaniomba nikoroge mwenyewe, vijiko viwili, kama nilivyokwisha kufanya mara nyingi. Akatoka mbio. Nilikuwa nimeshashika kijiko. Mama akageuka kutoka ukutani, akanitazama machoni, akasema neno moja: tone. Akakwama hapo. Midomo ilitafuta lililobaki, haikulipata. Nikalimalizia mimi. Haliui, nilimwambia, haliui, Mama. Yeye hakulisema, Taisto. Nililisema mimi.

Nikamimina kwenye kisahani, nikapuliza. Na halikuwa tone. Nimeanza barua hii mara nne, na mara zote nne nimeandika kwamba lilikuwa tone, nikazichoma. Alikunywa kisahani cha kwanza, akakohoa, akakisukuma tena kwangu, nikajaza cha pili. Kikombe kizima. Uso wake ulikuwa ule wa zamani wa jikoni, na kwa ajili ya uso huo nilijifanya sisikii kile kikohozi. Nikampangusa kidevu, nikafunika kopo. Jonna aliporudi nikamwambia nimetia vijiko viwili. Akaandika vijiko viwili, kwa mkono wake, na sahihi yake.

Juzi Jumatatu nilikwenda kwake nikamweleza yote pale mlangoni. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Aliniuliza jambo moja tu, kama Mama aliifurahia ile kahawa. Nikamwambia ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, akafunga mlango bila kuubamiza. Kutoka hapo nilipita posta nikatuma maelezo yangu kwa wanaochunguza, uongo wangu wa simu nimeutaja pia. Nimewaandikia wao kabla yako makusudi. Sikutaka unionee huruma ukanizuia, wala nikuogope nikajizuia mwenyewe. Lolote watakaloamua juu yangu, nitalipokea.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba tu umwandikie Jonna, kwa mkono wako, maana ulimtaja mbele ya watu.

Msalimie sana wifi. Mwezi wa sita tutasimamisha jiwe la Mama. Ukija, kitanda chako cha kule darini kitakuwa kimetandikwa na sauna itakuwa na moto. Usipokuja kwa ajili yangu, njoo hata kwa ajili ya lile bati. Kahawa itakuwa mezani, na vikombe unajua vilipo. Utajimiminia mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
Raili