Manioda Mbili za Mwanza

Tabaka, Kisii
19 Juni 1977

Mdogo wangu mpendwa Machogu,

Pokea salamu zetu nyingi, nasi tunataka kujua afya yako na kazi ya kiwanda cha pamba. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mgongo wa Mama, nao ni wa siku zote. Barua hii nimempa Mkuria mmoja anayejua njia za kuvuka, maana tangu mpaka ufungwe mwezi wa pili, sijui barua zinapita wapi.

Habari za huku ni chungu, na sitazipaka sukari. Bonareri hayuko tena nyumbani kwako. Baba yake, Mzee Omwenga, alikuja Jumapili baada ya Pasaka na wanawe wawili. Alisema amengoja miaka mitatu, binti yake analima, anapika na kuzaa kwetu, na yeye hajaona hata kwato. Nikamweleza tena kwamba ulituma pesa za ng'ombe kutoka Mwanza, ila manioda zimekwama posta kwa sababu serikali zimegombana. Akasema ugomvi wa serikali haukamuliwi maziwa. Akaondoka na binti yake, na mtoto wenu Nyangau mgongoni mwa mama yake.

Mwezi uliopita mwanamume mmoja wa Ekerenyo, mwenye shamba la chai, aliyefiwa na mke, alimpelekea Omwenga ng'ombe watano. Unajua mila yetu, mtoto hufuata ng'ombe. Nyangau sasa ni wa huyo bwana, na ukipeleka kesi kwa wazee watakuuliza ng'ombe wako walilipwa lini. Bonareri alimwambia Mama kwa kilio kwamba angemwona hata ng'ombe mmoja wa kwetu kwa baba yake, angekataa kwenda. Mmoja tu, jamani!

Kijiji kizima kinakuhurumia. Mama kila asubuhi anazilaani serikali zote mbili, halafu ndipo anakunywa uji.

Sasa kaa chini, ndugu yangu. Hakuna manioda iliyokwama. Zote mbili, za shilingi mia sita kila moja, zilifika Kisii mwezi wa kwanza, mpaka ukiwa wazi. Karani wa posta alinilipa palepale, nikaweka sahihi. Siku hiyohiyo nikakutana na Nyasani, mnunuzi wa vinyago vya mawe, akaniambia watalii wanaovuka kutoka Serengeti wanagombania mawe yetu, anataka vinyago mia tatu vya kiboko kufikia Machi. Nikaona pesa zako zitalala bure. Nikasema nitazizungusha kidogo, nizirudishe, wala hutajua. Nikanunua mawe, nikawalipa wachongaji. Mpaka ukafungwa, watalii wakakatika, Nyasani naye akapotea. Viboko wa mawe wamejaa jikoni mwa mke wangu.

Basi nikausingizia mpaka, kila mtu akaniamini, wewe wa kwanza. Na siku ile Omwenga amesimama uani, dume langu la ng'ombe lilikuwa zizini. Ningelitoa, angerudi kwao ametulia. Nililionea uchungu, nikamwacha achukue binti yake. Sikuombi msamaha, uso huo sina.

Orpah mke wangu anakusalimu, hajui nilichoandika. Mama anakusalimu zaidi, naye hajui. Ukijibu, usiniandikie mimi, mwandikie yeye. Kusoma hajui, na barua zake mimi ndiye humsomea. Andika upendavyo. Nitamsomea yote, kwa sauti, matusi pia.

Ni mimi kaka yako,
Nehemiah