Kwa Kobe Wetu, Fundi wa Vyerehani Aliyepita Pembeni

Mwaka umetimia leo, mwanangu, tangu utoke asubuhi na kisanduku chako cha vifaa nyuma ya baiskeli, ukaniambia cherehani cha kwanza kiko karibu na soko na kwamba utarudi kula mchana. Chakula nilikifunika. Sikukifunua tena. Baba yako ndiye aliyekiondoa mezani kesho yake.

Ulikuwa na miaka ishirini na tisa na kazi uliyoipenda. Hukuwa na duka. Duka lako lilikuwa kile kisanduku cha bati: bisibisi nne, chupa ya mafuta, mikanda ya akiba, na sindano ulizozifunga kwenye kitambaa kama mkunga anavyofunga vitu vyake. Mafundi nguo walikupa jina la Kobe kwa sababu ya mwendo wako barabarani. Mmoja akiuliza, "Kobe atafika saa ngapi?" mwenzake humjibu, "Anakuja, nilimwona njiani jana." Ulicheka nao, na hukuongeza mwendo.

Cherehani hukukifungua kabla ya kukisikiliza. Ulimwambia mwenye nacho ashone tambara lolote, ukainamisha sikio, ukafumba macho. Yule mama anayeshona sare za shule alikuita mara tatu wiki moja kwa sababu chake kinaruka mishono. Ukamwambia, "Shangazi, sindano umeiweka kinyume."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi nilipokuonyesha."

Hukumcheka. Ulimwomba rangi yake ya kucha, ukamchorea mshale mwekundu kando ya sindano, na mpaka leo hajakosea. Alinionyesha mshale huo siku ya matanga. Tulilia, kisha tukacheka, kisha tukalia tena.

Nyumbani ulikuwa mwizi wa vibanio vya mbao vya kuanikia nguo. Ulivitumia kubana suruali isiingie kwenye mnyororo, na jioni ukavisahau mfukoni. Nilikuwa nikitoka kuanua nguo nakuta shuka zima limeshikiliwa na kibanio kimoja kinachotetemeka. Baba yako alisema nyumba hii ina panya anayekula mbao. Ulikula umesimama, ulinawa mikono kwa sukari na sabuni ili grisi itoke, na hukulala kabla ya kumuuliza mdogo wako siku yake ilikwendaje. Yeye ndiye uliyemfundisha kuendesha baiskeli, ukimkimbilia nyuma huku umeshika kiti, ukimwambia hujakiachia wakati ulishakiachia zamani.

Sasa niseme ambalo sijalisema mbele za watu. Wanaonijua wanajua simumunyi maneno.

Kati ya nyumba yetu na soko kuna daraja la reli. Treni hupita juu, barabara hupita chini, na hapo chini barabara inabana. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili mstari wa katikati na magari yanayokuja. Mimi nilikufundisha tangu utoto kwamba mwenye baiskeli akae pembeni kabisa. Ulipokua ulinibishia.

"Mama, pale chini ya daraja pembeni ndipo pabaya. Wakiona kijinafasi wanajipenyeza. Nikishika katikati wananiona, wanangoja, nikitoka upande wa pili nawapisha."

"Barabara ni ya wenye injini," nikasema.

"Injini ninayo. Kila jioni naijaza mezani kwako."

Nilicheka, nikadhani yamekwisha. Kumbe wewe ulikuwa unafanya ulilosema. Siku moja nilikuwa ndani ya gari la wafanyakazi tukielekea kiwandani. Tulipofika darajani foleni ikasimama, honi zikaanza. Mbele kabisa alikuwa mtu wa baiskeli, katikati ya njia, anakanyaga taratibu kama yuko uani kwao. Mwenzangu mmoja akasema, "Tumsindikize tu, bwana harusi huyo." Gari zima likaangua kicheko. Nilikitambua kisanduku cha bati. Niliona aibu, mwanangu. Sikusema kwamba ni wangu. Nilicheka pamoja nao.

Jioni nilikungoja mlangoni. Nilikuambia unanidhalilisha, unajifanya lori, utagongwa. Nilikwambia uniahidi. Ulijifuta mikono, ukasema, "Sawa, mama. Pembeni." Hukuuliza kama nilikuwa ndani ya lile gari. Labda uliniona dirishani. Sitajua.

Wiki tano baadaye ulipita darajani pembeni kabisa, kama ulivyoahidi, na lori likakubana ukutani.

Dereva wa lori lile alikuja nyumbani mwezi wa nne baada ya mazishi, mahakama ikiwa imeshasema yake. Alikuja peke yake, amevaa shati lililopigwa pasi vibaya, akakaa kwenye ncha ya kiti. Baba yako alimkaribisha chai. Haikuguswa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumfukuza, lakini mtu aliyekwisha kukaa kama anayeondoka hafukuziki vizuri.

"Mlimwona?" nikamuuliza. Nilimwita "nyinyi" kwa hasira, kana kwamba wamejaa mlangoni.

"Nilimwona, mama. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nilimwona vizuri. Kajiegemeza ukutani kanipisha, nikadhani nafasi inatosha."

"Na angekuwa katikati?"

Aliinamisha kichwa.

"Ningemtukana, mama," akasema. "Lakini ningengoja."

Baba yako akainuka, akaenda jikoni, akafungua bomba la maji akaliacha litiririke. Mimi nilibaki nimekaa na yule kijana. Ni kijana, ana watoto wadogo. Hajashika usukani tangu siku ile. Sasa anapakua mizigo. Nilimpa chai nyingine ya moto na hiyo akainywa. Simchukii. Nilijaribu, nikashindwa.

Mimi ni mtunza ghala. Nimesomea chuo, nina stashahada, na kwa miaka ishirini na sita kazi yangu imekuwa kujua kitu gani kinaingia wapi. Hakuna kreti inayowekwa rafuni katika kiwanda kile kabla sijaipima. Lakini njia niliyokupangia wewe sikuwahi kuipima. Jumapili iliyofuata tulikwenda darajani asubuhi, mimi na baba yako, na tepu yangu ya kazini. Kutoka ukutani hadi mstari wa katikati ni mita tatu na sentimita ishirini. Lori la aina ile, pamoja na vioo vyake, ni mita mbili na sentimita tisini. Zinabaki sentimita thelathini. Baiskeli yako na kisanduku ilikuwa sentimita sabini. Nilipima mara tatu. Nilimwambia baba yako, "Hapa hata katoni ya sabuni nisingeipitisha." Akanishika kiwiko. Akasema, "Aliyemgonga ni lori, mama watoto, si wewe." Ni kweli. Na hesabu yangu nayo ni kweli.

Ofisi ya barabara ilipoitisha mkutano kuhusu daraja, bwana mmoja mwenye gari zuri alisimama akasema baiskeli zipigwe marufuku pale, basi, maisha yaokolewe. Watu wakapiga makofi. Mwaka juzi ningepiga nao. Niliomba nafasi, nikauliza mwuza maziwa apite wapi, na fundi apite wapi, maana njia ya kuzunguka reli ni kilomita saba.

"Mama, tunawalinda," akasema.

"Mnawalinda kwa kuwaondoa," nikamwambia. "Ghala likibana, mimi hupanga zamu za kupita. Siwafukuzi wapagazi."

Nilisoma vipimo vyangu. Sikusema jina lako. Halikuhitajika, nusu ya ukumbi walikuwa mafundi nguo. Ilichukua barua sita na safari nyingi kwenye benchi la ofisi ile, lakini kibao kipo sasa, cha njano, pande zote mbili za daraja: baiskeli ishike njia yote, magari yangoje. Shangazi yako anasema kibao hakizuii lori. Yuko sawa. Lori linazuiwa na dereva.

Lililobaki lilikuwa humu nyumbani. Mdogo wako ni muuguzi kwenye zahanati iliyo ng'ambo ya reli. Mwaka mzima amekwenda kwa miguu, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, kwa sababu nilimficha funguo ya baiskeli yake na yeye hakuniomba. Kibao kilipowekwa alinijia nikikunja nguo.

"Mama, miguu imechoka."

"Funguo iko kwenye bati la majani ya chai."

"Najua ilipo, najua tangu siku ulipoiweka. Sikuja kuulizia funguo." Akakaa mbele yangu. "Kaka alikutii, na mimi nitakutii. Kwa hiyo sema wewe. Nipite wapi?"

Mwanangu, sijawahi kuulizwa swali zito kama hilo. Kumwambia mtoto niliyebaki naye akae mbele ya lori, kwa kinywa hiki hiki. Nilikunja shuka moja, nikalikunjua, nikalikunja tena. Nilitaka aseme baba yako. Alikuwa mlangoni, lakini alitazama sakafu na kuniachia mwenyewe. Mdogo wako akaanza kusimama.

"Katikati," nikasema. "Shika katikati kabisa. Wakikupigia honi, waache wapige. Usimpishe mtu mpaka utoke nje ya daraja."

"Na wakinicheka?"

"Watakuwa wanamcheka mwanangu. Mimi nitajua la kuwaambia."

Jumatatu iliyopita ilikuwa mara yake ya kwanza. Tulikwenda kusimama kwenye njia ya miguu, mimi na baba yako, bila kumwambia, tumejibanza kama watu wanaodaiwa. Alifika darajani na lori la mchanga nyuma yake. Akanyoosha mkono, akaingia katikati ya njia, akakanyaga. Lori likapunguza mwendo. Honi ikalia, mara moja, mara mbili, mara ya tatu ndefu. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Dada, barabara ni ya baba yako?"

Mdogo wako hakugeuka. Baba yako, kando yangu, akajibu kwa sauti ya chini, "Ndiyo. Ni yangu."

Mimi nilikuwa natazama saa. Safari hii nilipima. Kutoka alipoingia kwenye kivuli cha daraja hadi alipotoka juani na kusogea pembeni ili lori lipite, ni sekunde kumi na tisa. Lori likapita, likakunja kuelekea barabara kuu, likaenda zake. Mdogo wako akafika kazini na jioni akarudi na njaa.

Sekunde kumi na tisa, mwanangu. Ndizo tulizokunyima: dereva kwa haraka yake, mimi kwa kuona aibu. Wewe ulizijua, ulinieleza mezani kwa upole, na nilikuambia unajifanya lori. Ulikuwa sahihi. Ahadi uliyonipa nilikosea kukuomba, na ninalisema hapa ili walionisikia nikikugombeza wanisikie pia nikilisema hili. Unayesoma haya na una usukani mkononi, hatukuombi machozi. Tunakuomba sekunde hizo.

Mungu akulaze pema, Kobe.

Tunaokukumbuka ni mimi mama yako, niliyecheka garini na sasa ninasema mbele za watu wote kwamba yule mbele ya foleni alikuwa mwanangu, baba yako, mdogo wako muuguzi, shangazi yako na wajomba zako wawili, pamoja na mafundi nguo wa sokoni, ambao bado hawajampata mtu wa kusikiliza vyerehani vyao.

Siku ya kukusahau hatuna, na hatuitafuti.