Mgongo wa Ininahazwe

S.L.P. 47,
Murusi, Kasulu.
Alhamisi, 6 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Didas,

Amahoro. Kifua chako kimepata nafuu na baridi ya huko China? Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini bado anapalilia maharage huko Murungu wala hasikii la mtu.

Mwanao Ininahazwe anakula, analala, hasemi. Leo siku ya tisa.

Ulimtuma na mabegi mawili na viatu jozi nne, ukasema atazoea. Hukuniambia kwamba miaka sita babu yake mzaa mama, Mungu amrehemu, alimsomesha vitabu vya kale vya Kichina, kukariri tu. Hapa shule ya Kiingereza wanamwuliza, "Wewe unaonaje?" Anainama. Wakaandika: hana maoni. Hesabu ishirini alizifanya kichwani, zote sahihi. Akapewa sifuri kwa kutoonyesha njia. Mimi niliyeishia la nne, nikajifunzia hesabu kwenye magunia sokoni, najua hakuibia.

Jumanne ya wiki iliyopita Mwalimu William alimwambia aseme shairi kwa kichwa. Akaweka kitabu mezani kwa mikono miwili, akampa mwalimu mgongo, akaanza. Darasa likaangua kicheko. Sasa wanamwita, "We Mgongo, geuka!"

Nikaitwa. Unajua kwetu kumpa mkubwa mgongo ni nini. Nikamlazimisha apige magoti mbele ya wenzake thelathini na wanane, aombe radhi. Tangu siku ile hasemi.

Jumapili akanichorea: mzee kitini, kitabu mezani, mtoto kageuka. Chini kaandika: "Jicho lisiibe." Kumbe ndivyo alivyomsomea babu yake somo kwa kichwa, asichungulie kitabu. Ilikuwa heshima, Didas.

Mama aliniuliza kwenye simu, "Yusta, ulimwuliza kwanza?"

Jumatatu wanataka kumshusha kutoka la tano hadi la tatu. Nitakwenda. Radhi yangu nitaiomba mbele ya wale wale thelathini na wanane. Lakini mimi ni shangazi. Baba ni wewe. Mwandikie mwalimu mkuu jinsi mtoto alivyosomeshwa, piga picha, nitumie kwa simu kabla ya Jumapili, kama nami ninavyokutumia hii. Viatu usitume.

Wanangu Ernesta na Sylvesta wanakusalimu. Nisalimie Venanti unayekaa naye. Mungu akulinde, akupe na nafasi ya kumkumbuka mwanao.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Yusta

N.B. Nilikuwa natoa simu niipige picha barua hii. Amekuja, ameweka kitabu cha babu yake mapajani pangu, amenipa mgongo. Anasema. Sielewi hata neno moja. Naacha hapa, nimsikilize.