Kile Kipande cha Kwale

Marlys uko wapi? Pokea simu basi, nimekwisha!

Majirani wamekuja na matrekta yao kutupandia ngano, si unajua mume wangu Orest bado amelazwa. Mimi niko jikoni nawaokea pai, nalia kwa furaha.

Kumbe wamelima mpaka kile kipande cha nyasi! Kile ambacho babu yake Orest aliapa hakitaguswa na plau! Pale ndege wale, kwale, wanapokusanyika alfajiri kucheza na kuitana kila theluji ikiisha!

Jirani Lyle kaingia na mabuti yake ya matope, anacheka: "Shemeji, na kale kapori mlikokasahau tumekamalizia. Mwambie mgonjwa shamba lote ni jeusi!"

Lote jeusi, Marlys. Nyasi zile hazirudi tena, labda wajukuu wazeeke.

Unajua nilimjibu nini? Asante. Asante! Na pai nikamwongezea.

Sasa hivi Orest kapiga kutoka hospitali, sauti yenyewe ya kukokota: "Mama, kwale wameshaanza kucheza? Kesho alfajiri nenda pale na simu, niwasikilize tu. Nitapata nguvu."

Nikamwambia wameanza, mume wangu. Wamejaa tele.

Marlys, kesho namsikilizisha nini?